Kabla ya namba ya siri, hakuna kilichoharibika

Kinachomzuia mama au mjomba kuzoea simu janja mara nyingi ni hofu ya kuharibu. Kwake kila sehemu ya kioo ni swichi, na hajui ipi ikiguswa itakula salio, itafuta picha za wajukuu au itampelekea pesa mtu asiyemjua. Unamwambia "gusa hapo", kidole kinabaki hewani. Unaichukua simu, unamalizia mwenyewe, na somo limeishia hapo. Kesho atakuita tena kwa jambo lile lile.

Mwanzie kwa kumtenganishia miguso ya aina mbili. Kuna inayorudishika: kuskroli, kufungua habari, kutafuta kitu Google, kuingia duka la mtandaoni, kuweka bidhaa kwenye kikapu, kuangalia picha za nguo mpaka achoke. Mshale wa kurudi nyuma unamtoa kote huko. Kuna isiyorudishika kwa urahisi, na minne ya kuogopwa zaidi ni hii: kuweka namba ya siri ya pesa, kumtajia mtu tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa SMS, kukubali kupakua programu iliyoletwa na linki, na kujaza namba ya kadi ya benki au ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) kwenye fomu. Akifika kwenye mojawapo ya hiyo minne, asimame, apumue, amuite mtu. Kabla ya hapo acheze atakavyo.

Mpe zoezi la dakika kumi. Afungue tovuti yoyote, azame kurasa tatu ndani, kisha arudi kwa mshale mpaka pale alipoanzia. Arudie mara tatu. Simu aishike yeye muda wote, hata akichelewa. Mkono wako ukae mbali, maana kila unapoinyakua simu unamthibitishia kwamba kweli si ya kwake.

Halafu simu yenyewe irekebishwe imfae. Kwenye Mipangilio, sehemu ya skrini, ongeza ukubwa wa maandishi; wengi wanaodhaniwa hawaelewi ni macho tu hayaoni. Badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili kama Kiingereza kinamsumbua, na uangalie naye maneno mapya, kwa sababu "Arifa" na "Ruhusa" navyo huhitaji kuelezwa. Kwenye Facebook zima video zinazojicheza zenyewe. Hizo ndizo zinazomaliza bando la wiki kwa siku mbili, na mtu akaapa kwamba kampuni ya simu imemwibia.

Sasa kusoma anwani ya tovuti. Hapa usiharakishe, kwani mengine yote yanasimama juu yake.

Chukua anwani hii: https://www.necta.go.tz/ na hii ya kubuni: https://necta.go.tz.matokeo-yako.com/ingia. Mgeni ataona zote zina NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kuziamini zote. Mfundishe hivi. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha soma kurudi nyuma kuanzia kwenye mkwaju huo. Ya kwanza inasomeka tz, go, necta: mwenye tovuti ni NECTA, chini ya go.tz. Ya pili inasomeka com, matokeo-yako: mwenye tovuti ni huyo aliyesajili matokeo-yako.com, na lile neno necta.go.tz lililotangulia amelipachika tu kama pambo. Yeyote mwenye tovuti anaweza kutanguliza maneno yoyote mbele ya jina lake. Ni kama anwani kwenye bahasha, mwisho wake ndio unaosema barua inakwenda mji gani.

Anwani zinazoishia .go.tz hupewa taasisi za serikali ya Tanzania, na .go.ke ni za serikali ya Kenya. Anayekualika kwenye huduma ya serikali kwa anwani inayoishia .com au .xyz ana maswali ya kujibu. Kwenye .co.tz mambo ni tofauti, kwani biashara yoyote inaweza kusajili, hivyo si uthibitisho wa uaminifu.

Simu zina tatizo lake. Anwani ndefu hukatwa ionekane sehemu tu, na tapeli anaijua sehemu hiyo. Aguse anwani yenyewe ifunguke yote. Linki iliyofunguliwa ndani ya Facebook au Instagram huonyesha anwani kwa herufi ndogo juu kabisa, nayo ndiyo ya kusoma, si nembo kubwa iliyo katikati.

Wengi walifundishwa kutafuta alama ya kufuli. Waambie wasahau. Kufuli ilimaanisha tu kwamba kinachosafiri kati ya simu na tovuti kimefungwa asikisome wa njiani, na tapeli naye huweka kufuli hiyo bila gharama. Chrome yenyewe, programu ya Google ya kufungulia tovuti, iliiondoa mwaka 2023 ikaweka alama nyingine, kwa sababu watu walikuwa wanaisoma kama muhuri wa uaminifu.

Jambo la mwisho kuhusu tovuti ni kile kidirisha kinachouliza kama unairuhusu ikutumie arifa. Jibu ni kukataa, karibu kila mara. Simu nyingi zinazosemwa "zina virusi", zinazotoa matangazo ya kutisha usiku kucha, hazina virusi: mwenye simu aliruhusu arifa za tovuti moja asiyoikumbuka. Nenda Chrome, gusa nukta tatu, Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Utaikuta orodha ya zilizoruhusiwa. Zima kila usiyoijua na kelele zinakoma siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye habari. Mtu aliyekulia na gazeti na taarifa ya saa mbili usiku hudhani kinachomjia Facebook kimepangwa na mhariri, kikubwa juu, kidogo chini. Mweleze kwamba hakuna mhariri. Mtandao unahesabu ulichokaa nacho muda mrefu, ulichogusa, ulichotuma kwa wengine, kisha unakuletea kinachofanana nacho. Ukitazama video moja ya ajali mpaka mwisho, kesho zitakuja nyingine. Aliyekuwa na huzuni ya wiki nzima kwa ajili ya "dunia imeharibika" pengine alitazama video nne tu. Kuna tiba: aguse nukta tatu za posti asiyoipenda na kuchagua kuificha, na aifanye hivyo kila siku kwa wiki moja. Ukurasa utabadilika mbele ya macho yake.

Bora zaidi, apewe njia ya kwenda kwenye chanzo mwenyewe. Fungua bbc.com/swahili au mwananchi.co.tz kwenye Chrome, gusa nukta tatu, chagua kuongeza kwenye skrini ya kwanza. Inakaa pale kama programu, na asubuhi anaigusa bila kuandika chochote. Vyanzo vitatu vinatosha. Zaidi ya hapo hasomi, anaskroli.

Hii inasaidia sana kwa zile picha zinazozunguka WhatsApp zikiwa na nembo ya chombo kikubwa na kichwa cha habari cha kushtua. Kutengeneza picha ya namna hiyo ni kazi ya dakika chache. Afungue chombo chenyewe na kuitafuta habari hiyo. Kama haipo huko, haikutoka huko. Aangalie pia tarehe, maana tangazo la ajira la miaka mitatu iliyopita hurudi kila msimu likiwa limekatwa tarehe. Maombi ya ajira za serikali Tanzania hupita portal.ajira.go.tz na hayalipiwi. Anayeomba "ada ya fomu" anakula jasho la mtoto wako. Na ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili juu yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kumfikia, na WhatsApp huuruhusu kutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema aliyekutumia naye alitumiwa.

Ununuzi ndio wenye hasara halisi, kwa hiyo tukae hapa.

Miongozo mingi huandikwa kana kwamba kila mtu ananunua kwenye duka kubwa lenye kikapu, malipo na marejesho. Kenya ni kweli kwa kiasi, Jumia na Kilimall zipo. Tanzania, Jumia ilifunga biashara mwaka 2019, na ununuzi wa kawaida ni huu: unaona bidhaa Instagram, unahamia WhatsApp, unalipa kwa simu, mzigo unakuja na bodaboda au basi. Hakuna mtu wa kati anayeshikilia pesa yako. Ulinzi wote ni hatua unazochukua wewe kabla ya kulipa.

Kwanza umri wa akaunti. Kwenye ukurasa wa muuzaji Instagram, gusa nukta tatu, chagua sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo. Utaona mwezi na mwaka ilipoanzishwa, na mara nyingi kama imewahi kubadili jina. Ukurasa wa "Duka la Friji Kariakoo" uliokuwa ukitumia majina mengine mawili mwaka huu huenda umenunuliwa pamoja na wafuasi wake, hata kama ni laki mbili. Angalia pia maoni: kama yamefungwa kwenye posti zote, waliolizwa hawana pa kusemea.

Pili, omba video. Andika hivi: "Naomba unirekodie video fupi ya hiyo bidhaa, na utaje jina langu." Picha huibwa, lakini video inayotaja jina lako haiwezi kuibwa. Mwenye mali hufanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nayo huanza kukasirika, atakwambia wateja ni wengi na ofa inaisha leo.

Tatu, vipimo kwa namba. "Godoro kubwa" si kipimo. Futi 5 kwa 6, inchi 8, ndicho kipimo. Viatu viulizwe kwa sentimita za unyayo, kwani namba 42 ya kiwanda kimoja hubana mguu unaovaa 42 ya kingine. Flashi ya terabaiti moja kwa bei ya chakula cha mchana ni ndogo iliyodanganywa ijitaje kubwa: itapokea mafaili yako, kisha itayapoteza ujazo wake halisi ukijaa. Simu, omba kabla namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe. Muuzaji anapiga *#06#, anakutumia tarakimu 15, wewe unazituma kwa SMS kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na unajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likisema aina tofauti na unayouziwa, biashara imeisha.

Nne, malipo. Ndani ya mji, lipa mzigo ukifika. Bodaboda akifika, fungua kwanza, chomeka kama ni cha umeme, ndipo ulipe. Anayekataa usifungue mrudishie mzigo wake, na nauli ya bodaboda ni hasara ndogo. Kwa mzigo wa basi kutoka Dar kwenda mkoani hilo haliwezekani, basi dai picha ya risiti ya basi yenye jina lako, namba ya gari na simu ya ofisi ya basi. Piga ofisini wewe mwenyewe, ndipo ulipe.

Unapolipa, Lipa Namba, yaani namba ya malipo iliyosajiliwa kwa biashara, ni bora kuliko namba binafsi, kwa sababu unapofika kuweka namba ya siri hutokea jina la biashara. Hapo ndipo pa kusimama. Mfundishe anayejifunza alisome jina kwa sauti. Kama duka linaitwa hivi na skrini inasema jina la mtu asiyehusika kabisa, aghairi, hata muuzaji aseme ni la mhasibu. Na kidirisha cha kuomba namba ya siri kikijitokeza chenyewe bila yeye kuanzisha malipo, akifunge. Namba ya siri hutumika kutoa pesa. Hakuna marejesho wala zawadi inayoihitaji ili pesa iingie.

Ikitokea ameshatapeliwa, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, aombe muamala uzuiwe. Kenya, ujumbe wa M-Pesa utumwe kwenda 456. Tanzania, namba ya tapeli itumwe 15040. Apige picha ya skrini ya mazungumzo kabla hajazuiwa au kufutiwa. Kisha abonyeze *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana aliyepata namba ya NIDA yako huenda hakuishia kwenye pesa. Na usimgombeze. Aliyegombezwa mara moja akipigiwa na tapeli mara ya pili hatakuambia.

Kwa ununuzi wa kwanza kabisa, mchagulie kitu cha shilingi za Tanzania elfu kumi hadi ishirini, kutoka kwa muuzaji wa mji huo huo, kinacholipiwa mlangoni. Vyombo vya jikoni vinafaa, au kitenge. Aombe video mwenyewe, abishane bei mwenyewe, afungue mfuko mbele ya bodaboda. Wewe kaa kando na simu yako mfukoni.