Falafel nyekundu: ilinishinda mara mbili, ya tatu ikatii

Nilitaka falafel nyekundu, yale madonge ya dengu au maharage yaliyosagwa na kukaangwa. Si nyekundu ya kupakwa nje, hapana. Nilitaka uimege na rangi ikurukie machoni. Wamisri hupika falafel yao, taamiya, kwa maharage mapana ya ful, na wanaijaza majani mpaka ndani inakuwa kijani kibichi. Lebanon, Syria na Palestina wao ni watu wa dengu. Nikawaza, kama kijani ipo siku zote na watu wanaila, nyekundu ina kosa gani?

Wazo langu la kwanza lilikuwa la hatari, na nalitaja ili mwingine asilijaribu. Nilifikiria kuacha dengu na kutumia maharage mekundu. Falafel haichemshwi: unaloweka, unasaga zikiwa mbichi, unakaanga. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu inayoweza kukutapisha na kukuharisha vibaya, na dawa yake ni kuyachemsha kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi. Dakika nne ndani ya mafuta hazitoshi kuniaminisha. Nikaachana nayo, nikageukia bitiruti.

Kwa dengu sikuwa na wasiwasi, maana falafel ya kawaida naiweza. Dengu kavu, zile nono nyeupe, zinalowekwa saa 12 au zaidi, maji yakizifunika vizuri kwa sababu zinavimba karibu mara mbili. Za kopo usizitumie. Za kuchemsha vilevile. Wanga wa dengu iliyolowekwa tu bado haujaiva; unaiva ndani ya mafuta, na hapo ndipo unashikamanisha donge. Dengu iliyokwisha kuchemshwa imemaliza kazi hiyo sufuriani na imejaa maji. Ukiitia kwenye mafuta inasambaratika.

Sasa ajabu ni kwamba, nikijua yote hayo, mara ya kwanza nilichemsha bitiruti, nikaisaga ikawa laini, nikaichanganya na dengu zangu. Ni kama nilimfungia mwizi mlango wa mbele nikamwachia dirisha wazi. Bitiruti ni maji matupu, karibu asilimia 87 yake. Nikapata uji wa waridi. Nikaongeza unga, nikaongeza tena, na mdogo wangu aliyekuwa amekuja kunitembelea akachungulia bakuli: "Dada, hii tunakula au tunafinyangia vyungu?" Madonge machache yaliyofika kwenye mafuta yalitoa povu na kutawanyika. Mengine yalishikamana, lakini kwa unga ule wote yalikuwa magumu kama kokoto.

Wiki iliyofuata nilikwaruza bitiruti mbichi kwa kikwaruzio cha karoti, nikaiweka kwenye kitambaa safi na kuikamua mpaka viganja vikauma. Safari hii mchanganyiko ulikubali kufinyangwa, na rangi yake ilikuwa ile ile niliyoiota. Nikakaanga kwa moto niliozoea, mafuta nyuzi 180 hivi. Dakika mbili tu nje ikawa nyeusi. Nikavunja moja: ndani kahawia, rangi ya matope, na katikati bado mbichi.

Nilikasirika, nakiri. Lakini ule uchungu ndio ulionifanya niache kubahatisha. Kuungua nje nilikuelewa upesi: bitiruti ina sukari nyingi, na sukari haivumilii mafuta ya moto kiasi kile. Rangi ndiyo iliyonisumbua. Nikachukua maji niliyokamua, nikayagawa kwenye sufuria mbili ndogo. Moja nikatia kijiko cha ndimu, nyingine nikatia soda ya kuokea, nikazipasha zote. Ya ndimu ilibaki nyekundu. Ya soda ilichuja ikawa kahawia ya manjano, kama chai iliyolala. Wekundu wa bitiruti, betanini, haupendi moto mrefu, na haupendi kabisa kukutana na moto huku umezungukwa na alkali, kama ile ya soda. Na mimi nilikuwa nimeloweka dengu kwa soda ili zilainike, kisha nikaongeza nusu kijiko kwenye mchanganyiko ili ziumuke. Niliiua rangi kwa mkono wangu mwenyewe, mara mbili.

Mara ya tatu nilipanga upya kila kitu kwa ajili ya rangi. Dengu kavu gramu 250, zikalowekwa kwa maji matupu usiku kucha, zikachujwa na kukaushwa kwa taulo. Bitiruti moja ya ukubwa wa ngumi, ikakwaruzwa na kukamuliwa. Nusu kitunguu, nacho kikakamuliwa. Punje nne za vitunguu saumu, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani kavu iliyokaangwa bila mafuta na kutwangwa, chumvi. Badala ya soda nikatumia nusu kijiko cha chai cha beking pauda, ambayo tayari ina asidi yake ndani, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu.

Majani ndiyo yaliyonipa mtihani. Falafel bila kotmiri (dania, kwa wengine) ni kama imesahau jina lake. Ila kijani ukikichanganya na nyekundu unapata kahawia, na kahawia nilishaipata bure. Kwa hiyo majani yote nikayahamishia kwenye mchuzi: tahini (ufuta uliosagwa ukawa uji mzito), ndimu, kitunguu saumu, fungu zima la kotmiri. Ukitia ndimu kwenye tahini itakaza ghafla na utadhani umeiharibu. Usiogope. Endelea kuongeza maji baridi kidogo kidogo huku ukikoroga, italegea na kuwa nyeupe laini. Hapo ndipo unaingiza majani.

Dengu nilizisaga kwa awamu ndogo, nikibonyeza na kuachia blenda, bila tone la maji, mpaka zikawa chengachenga kama semolina nene. Zikiwa laini sana donge linakuwa zito. Zikiwa kubwa halishiki. Nikachanganya na vingine, nikafunika, nikaweka kwenye friji saa nzima. Ile saa msiiruke. Kisha nikafinyanga vidonge vidogo kuliko kawaida, nikavibonyeza kidogo viwe bapa ili moto ufike katikati mapema, na nikavigaragaza kwenye ufuta. Ufuta niliuazima kwa Wamisri, ambao huupaka taamiya, lakini nakubali kwamba mimi nilikuwa pia naficha nje isionekane imeiva sana.

Mafuta nyuzi 165 hadi 170. Kama huna kipimajoto, chovya kijiti cha mbao: viputo vitoke taratibu kukizunguka, visichachamae. Dakika nne, nikigeuza mara moja.

Nilipomega ya kwanza, katikati palikuwa pekundu kama niliyokusudia. Kingo, kiasi cha unene wa ukucha, zilikuwa kahawia. Hapo moto haubembelezeki na nimeacha kugombana nao. Ladha ina utamu kidogo na harufu ya udongo wa mvua, ndiyo maana ndimu ya mchuzi isipungue.

Maji niliyokamua sikuyamwaga. Niliyachanganya na siki na chumvi, nikatumbukiza vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Haya si ubunifu wangu: huko Lebanon na Syria achari ya tanipu (mzizi mweupe mfano wa figili) inayoandamana na falafel hupata uwaridi wake kwa kipande cha bitiruti. Kumbe bitiruti ilikuwa pale mezani siku zote, pembeni ya sahani.

Zilizobaki nilizigandisha zikiwa mbichi, maana zilizokwisha kukaangwa, ukizipasha kesho yake, rangi inafifia.

Mdogo wangu alikula tisa na hakutaja vyungu tena. Kesho yake alfajiri simu ikaita, sauti imemkauka: "Dada, nimeenda chooni, mkojo mwekundu. Nakufa?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kuna watu wakila bitiruti rangi inapita moja kwa moja, haina madhara, na inaisha yenyewe. Nilipaswa kumwonya kabla.