Mtu wa wapi?

Mimi ni dalali wa vyumba hapa Tanga, zaidi Ngamiani na Makorora. Nikimpigia mwenye nyumba kwamba mpangaji kapatikana, habari ya kodi huja baadaye. Kwanza nitaulizwa: "Mtu wa wapi?"

Kuna mama mmoja nilimpelekea kijana wa bara, fundi friji. "Watu wa bara wasumbufu kwenye kodi, mwanangu." Nikamwambia huyu analipa miezi sita kwa mkupuo. Akanyamaza kidogo. "Miezi sita? Kijana mdogo vile, hela kaitoa wapi?" Sababu ya kwanza ikifa, ya pili imeshavaa viatu. Chumba kikabaki kitupu, kodi hapati, na udalali wangu ukaota mbawa.

Hiyo hasara ya kujitakia ndiyo iliyonifanya nimkumbuke mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyetekwa na Wajerumani akiwa askari wa Ufaransa. Vita vilipoisha akakuta jamaa zake karibu wote wameuawa. Katika majaribio yake ya Bristol, Uingereza, yaliyochapishwa 1970 na 1971, wavulana wa shule waliambiwa wamegawanywa kwa sababu ndogo tu, kama vile nani kapenda picha za mchoraji Klee na nani za mchoraji Kandinsky. Kumbe mgawanyo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Kila mmoja akapewa kazi ya kuwagawia wengine pointi za hela, yeye mwenyewe hajigawii kitu. Jedwali moja lilimruhusu kumpa wa kundi lake 19 na wa kundi la pili 25, au kushuka hadi 7 kwa 1. Mara nyingi walikubali wa kwao apungukiwe, mradi awe juu ya yule mwingine. Na hawakuwa na ugomvi wowote!

Wapangaji wa bara nao wamo. Huniuliza kama nyumba ina majini. Nawajibu kwamba kwa kodi ile jini hawezi kukaa.

Sasa, mama yuleyule ana mpangaji nesi, naye wa bara, amekaa pale miaka. Mama akienda msibani Pangani humwachia funguo zote. Nikamgusia. "Huyu? Huyu mwanangu, hana ubara." Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1954: mtu anafungua uzio kumpitisha mmoja, halafu anaufunga palepale. Allport huyohuyo alisema kukaa karibu husaidia zaidi watu wakiwa na hadhi sawa na shughuli moja. Kati ya mwenye nyumba na mpangaji usawa uko wapi? Uani kwa wapangaji wenyewe, wanaochangia LUKU moja na choo kimoja, mambo mengine kabisa. Wanagombana kila wiki, lakini ni kuhusu nani kapiga pasi nguo za ukoo mzima.