Siku moja maishani mwangu: fundi na muuza tairi, Uyole

Wengi wanaopita Uyole wakiona rundo la tairi, vijana wenye ovaroli nyeusi na kompresa inayonguruma, wanadhani hapa kazi ni kufungua nati na kujaza upepo tu. Nimeandika siku yangu ya jana ili muone kazi yenyewe ilivyo.

Kwanza mjue nilipo. Uyole ni njia panda. Barabara kuu inatoka Dar es Salaam, inapita hapa kuingia Mbeya mjini na kuendelea Tunduma. Nyingine inachepuka hapahapa, inapanda milima ya Uporoto hadi Tukuyu, kisha inashuka Kyela na mpaka wa Malawi. Gari moja linaweza kufika kwangu likiwa na vumbi la Usangu na baada ya saa moja likawa kwenye mvua ya Rungwe. Ndiyo maana mteja akiniuliza bei, mimi humuuliza kwanza anapita njia gani na anabeba nini. Wengine hukasirika, wanaona nawapotezea muda.

Saa 12:30 asubuhi

Baridi ya Januari haiumi kama ya Juni, lakini ukungu upo na ovaroli ya jana haijakauka. Cha kwanza ni kufungua bomba la chini la tenki la kompresa na kumwaga maji yaliyotuama usiku. Ukiyaacha yanaingia kwenye tairi za watu na kuozesha rimu kwa ndani. Baada ya hapo ni upepo. Asubuhi ndiyo saa ya kupima upepo, tairi ikiwa imepoa. Joto likipanda nyuzi 10, upepo unaongezeka karibu PSI 2 kwenye geji. Dereva aliyetoka Igawa mchana wa jua akipima palepale ataona umezidi, ataupunguza, na kesho asubuhi tairi zake zitakuwa na upepo pungufu bila yeye kujua. Bodaboda, bajaji, Hiace za abiria, kijana wangu anapima huku mimi napanga tairi nje. Mpaka saa 2 hakuna la kusimulia.

Saa 2

Canter ya viazi kutoka Umalila. Barabara ya kupanda Ilembo ikinyeshewa ni utelezi mtupu, na mzee mwenye gari ameipita miaka mingi, kwa hiyo hapa hakuna mabishano. Mbele anataka tairi za mistari, kwa sababu za mbele ndizo zinazoongoza gari, na kwenye lami iliyolowa zinatakiwa zitoe maji na kushika. Nyuma anataka kashata nene, yaani vile vipande vya raba vilivyosimama juu ya tairi, kwa sababu za nyuma ndizo zinazochimba matope na kusukuma mzigo. Jiwe lilikuwa limenasa katikati ya tairi mbili za nyuma kushoto na limeila ya ndani ubavuni. Akauliza kama anaweza kubadilisha hiyo moja tu. Nikamwonyesha: ukiweka mpya karibu na iliyochakaa, ile mpya inakuwa ndefu kidogo, inabeba mzigo karibu wote peke yake na kupata moto, na nyenzake inaburuzika. Akaafiki, akanunua mbili, ile nzima ikawa spea.

Rimu za gari hizi ni za pete, yaani pete ya chuma ndiyo inayoshikilia tairi kwenye rimu. Kabla ya kujaza upepo tunazungusha mnyororo kwenye rimu na kusimama kando, kamwe si mbele yake. Pete ikifyatuka inaua mtu. Nalisema hili hapa kwa sababu nawaona vijana barabarani wakijaza upepo huku wameiinamia, na hakuna aliyewafundisha.

Saa 3:30

Mwalimu mmoja wa kike, Premio, tairi saizi 195/65R15. Zote nne zimechoka, lakini Januari ni mwezi wa ada na ana hela ya mbili tu. Anakaa mjini, anafundisha huku, na Ijumaa huenda Tukuyu kwa mama yake. Nikampa mbili zenye mifereji mipana ya katikati, zinazotoa maji haraka, na nikamwambia nitazifunga nyuma.

"Fundi, si gari linavutia mbele?"

Linavutia mbele, kweli. Lakini kwenye mvua tairi za mbele zikianza kuteleza unahisi kwenye usukani na unapunguza mwendo. Za nyuma zikiteleza, gari linageuka mkia mbele na dereva wa kawaida hana la kufanya. Nzuri zikae nyuma. Nikamwonyesha pia vile vituta vidogo ndani ya mifereji ya zile za mbele: raba ikishuka ikalingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na kwa mvua ya Rungwe asisubiri ifike hapo. Akasema atarudi mwisho wa mwezi. "Ndaga fijo," akaniambia, asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka. Nilifurahi. Mteja anayesikiliza anakupa nguvu ya kumpokea anayefuata.

Saa 5

Anayefuata alikuwa dereva wa Noah ya abiria.

Alikuja na tairi zake nne, kazinunua tajiri wake mjini. Alitaka tuzifunge na kubalansi tu, haraka, abiria wanamsubiri. Nilipoigeuza ya kwanza nikajua shughuli ipo. Kashata ndefu, zimejaa vimistari vyembamba kama wembe, raba laini inayobonyea kwa kidole gumba. Ubavuni kuna mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake na neno STUDLESS. Tairi za theluji, mtumba wa Japani. Tarakimu nne za mwisho za tarehe zilikuwa 3816, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2016.

Nikamwambia hizi sizifungi kwenye gari la abiria.

"Kwa nini? Angalia kashata zilivyosimama. Mpya kabisa hizi."

Hapo ndipo watu wengi wanapoponzwa. Wanapima tairi kwa urefu wa kashata, na tairi ya theluji huwa na kashata ndefu hata ikiwa mtumba. Ile raba imetengenezwa kubaki laini kwenye baridi kali, na vile vimistari ni vya kushika barafu. Watengenezaji huweka mpaka kwenye nyuzi 7 hivi: chini yake tairi ya theluji inafanya kazi vizuri kuliko ya kawaida, juu yake ni kinyume. Kwenye lami ya joto zile kashata ndefu zinayumba, breki inachukua umbali mrefu zaidi, na kwenye lami yenye maji hali ni hiyohiyo. Raba inakwisha upesi. Ukiongeza mzigo na mwendo, inapata moto.

Akacheka. "Fundi, hapa ni Mbeya. Kuna sehemu yenye baridi kuliko hapa?"

Hoja hii naijua, naisikia kila msimu. Baridi ya Mbeya ni ya mtu kuvaa sweta. Hata Juni, usiku ukishuka sana, saa 5 asubuhi jua limeshachoma lami. Na yeye haishii Mbeya. Nikamuuliza njia yake. Kyela, kila siku, kwenda na kurudi. Basi nikamhesabia njia yake mwenyewe: anaondoka hapa, anapanda Uporoto kwenye ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, anapita Tukuyu inakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, halafu anashuka mfululizo hadi Kyela, karibu mita 500, joto la ziwani. Njia nzima ni ama lami iliyolowa ama lami ya moto, na kwenda na kurudi ni kona na breki. Theluji anaikuta wapi?

Akampigia tajiri. Tajiri akataka kuongea na mimi. Nikaanza upya, huku dereva akizunguka gari na kuangalia saa, na mteja wa pancha akinisubiri pembeni. Tajiri alisema kwamba ndugu yake anatumia hizohizo mwaka wa pili. Kisha kwamba mafundi tunataka kuuza zetu. Sikukasirika, nikamwambia anunue duka lolote, hata lisiwe langu, ila aangalie namba mbili. Ya kwanza ni ya mzigo. Tairi zile zilikuwa na namba 91, kila moja inabeba kilo 615, zote nne kilo 2,460. Noah tupu ni kama tani moja na nusu. Weka watu kumi, weka magunia matatu ya mchele wa Kyela juu, umefika ukingoni, na nyuma kunalemewa kuliko mbele. Saizi hiyohiyo ipo yenye 95, inabeba kilo 690 kila moja ukiijaza upepo wake unaotakiwa. Namba ya pili ni ile tarehe.

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mpya nne ni shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akakata simu. Akapiga tena kwa dereva, wakaongea pembeni, dereva akarudi: tufunge mbili za theluji nyuma na zile za zamani mbele zibaki. Nikamwambia hapana. Hapo ndipo alipopandisha sauti, akasema mimi ni nani wa kumkatalia mtu mali yake, hesabu ya leo itatoka wapi, abiria wameanza kushuka. Nilimwelewa. Yeye tajiri anamsubiri jioni na hesabu, mvua inyeshe isinyeshe. Nikamwambia, "Kaka, wewe ndiye unayekaa mbele ya gari hilo." Nikamwelekeza pia aina ya mtumba wa kawaida ambayo ningekubali kuifunga kama hela haitoshi, yenye tarehe ya karibuni na isiyo na mipasuko ubavuni. Hakutaka kusikia.

Akavuka barabara. Kuna mwenzetu ng'ambo, akazifunga zote nne kwa muda wa kunywa chai. Niliwaona abiria wakirudi ndani, mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Ilikuwa inakaribia saa 8, sijala, na kwa yote hayo sikuingiza hata shilingi. Kijana wangu akaniuliza kwa nini sikuzifunga tu, kwani lawama si ya tajiri? Nilimjibu kwamba abiria hawajui kusoma tairi. Wanapanda gari wakiamini kuna mtu aliyesoma kwa niaba yao.

Mchana, mvua ilipoanza

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Pancha, pancha, tyubu ya bajaji, kisha simu: lori la mizigo limepasua tairi ya tela upande wa Nsalaga. Tulienda na jeki na mbao za kuwekea chini, maana pembezoni mwa lami udongo umelowa na jeki inazama. Tairi ya saizi ile watu wawili mnaivingirisha kwa mabega. Maji yanaingia shingoni, magari yanapita karibu na mgongo wako, na dereva anakuuliza kila dakika kama bado. Nati mbili zilishikana, tukapanda juu ya bomba la spana kwa uzito wa mwili. Tairi iliyopasuka ilikuwa na alama nyeusi za kuungua ubavuni, dalili ya kutembea muda mrefu na upepo pungufu. Alitoka Dar na mvua imemkuta huku Uyole. Joto lote la Usangu tairi ile ilipita ikiwa inakunjwa na mzigo. Nilimwambia apime zote kumi na tano zilizobaki, na akakubali. Tukazipima moja moja. Mbili nyingine zilikuwa chini. Tukajaza kwa bomba la lori lenyewe.

Tuliporudi mikono ilikuwa haikunji vizuri. Nilikula wali baridi nimesimama.

Jioni

Giza lilipoingia alikuja kijana wa bodaboda, tairi ya nyuma ni kipara mpaka nyuzi zimeanza kuonekana. Anataka kashata zile kubwa za kushambani, wenzake wote wameweka, zinapendeza. Nikamuuliza anafanyia wapi. Mchana kutwa Uyole na Igawilo kwenye lami, usiku anapeleka watu mitaani, matope kidogo kabla ya kufika nyumbani kwao. Kashata kubwa kwenye lami iliyolowa zinagusa chini kwa nundu chache tu, pikipiki ikilala kwenye kona inakwenda. Nikamtolea 3.00-17 ya mchanganyiko, katikati imeshikana kwa ajili ya lami na pembeni ina meno ya kumtoa kwenye tope. Aliigeuza, akaishika, akaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nina uhakika, nikamwambia. Akalipa nusu.

Tyubu yake ilikuwa na viraka vinne, nikamwekea mpya kwa bei ya kununulia. Tumefunga saa 2 na robo usiku. Nusu iliyobaki ipo kwenye daftari, amesema Jumamosi.