Vizibo 16 vya soda: ninavyofundisha darasa la tano kutunga shairi

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa uleule: anza na istilahi, yaani majina ya mistari na vipande vya shairi. Mwanzo, mloto, mleo, kituo, ukwapi, utao. Watoto wakariri kwanza, kutunga baadaye. Kukariri wanakariri kweli, na kwenye mtihani wanajibu. Waambie watunge ubeti mmoja, wanakutolea macho tu. Mimi istilahi naziweka mwisho kabisa.

Naanza na kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari. Hapo nako utaambiwa upige makofi. Makofi hayafai! Mtoto hupiga kofi pale sauti inapopanda, ile "m" ya mwanzo anaimeza. "Mtu mmoja" ni mizani tano, m-tu-m-mo-ja, lakini darasa zima litapiga tatu, na mwalimu mwenye haraka atapiga nao. "Mbu" ni mbili, na "mbuzi" nayo ni mbili vilevile. "Nchi" mbili, "kaa" mbili.

Dawa yake ni vizibo vya soda. Kila kundi la watoto watano linapewa 16 na kuvipanga mstari mmoja: vinane vya upande wa kwanza wa mstari, pengo la vidole viwili, vinane vya upande wa pili. Darasa la watoto 70 linataka 224, uongeze vya akiba maana vingine vitaishia kwenye michezo ya mapumziko. Havinunuliwi; mwachie muuza soda mfuko, atakujazia. Mtoto anatamka polepole, na kwa kila silabi anasogeza kizibo kimoja. Kikibaki kizibo, mshororo (mstari wa shairi) umepungua. Vikiisha na maneno yangalipo, umezidi. Hakuna wa kubishana na mwalimu tena, wanabishana na vizibo.

Kazi tamu ni kukata. Mtoto anaandika: "Kandambili yangu imekatika, nimerudi nyumbani nikichechemea." Upande wa kwanza una mizani 11, wa pili 13. Toa "yangu", zinapungua mbili. "Imekatika" iwe "yakatika", inapungua moja; tayari ni nane. Upande wa pili "nyumbani" haina kazi, maana kurudi ni kurudi nyumbani. Tunapata:

Kandambili yakatika, narudi nachechemea.

Nane kwa nane. Hiyo "ya-" badala ya "ime-", na "na-" badala ya "nime-" au "niki-", ndiyo siri ninayowapa mapema kuliko zote. Inkisari, yaani kufupisha maneno kama "babangu" kwa "baba yangu", nairuhusu, ila wakionja utamu wake watakata mpaka jina la kijiji. Kipimo changu: bibi yako akilisikia neno hilo asilielewe, lirudishe lilivyokuwa.

Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, navyo vina mtego. Usiwape "-ni". Nomino nyingi za mahali zinaikubali, basi utasahihisha shuleni, sokoni, nyumbani, kisimani hadi uchoke, na shairi halisemi lolote. Kwa muhula wa kwanza naipiga marufuku. Nawapa "-ka" au "-ta", wakusanye maneno ishirini ubaoni kabla ya kalamu kugusa daftari.

Wanatunga kibwagizo kwanza, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kisha beti. Kwa tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti tatu, kibwagizo kinarudiwa, kwa hiyo mishororo ya kutunga ni kumi tu, si 12. Waambie hivyo, utaona nyuso zinavyofunguka. Mada ziwe za kushikika: foleni ya bombani, konda anayewakataa wanafunzi. "Umuhimu wa elimu" huzaa mashairi 70 yanayofanana.

Kusahihisha, usitumie wino mwekundu. Weka nukta ya penseli chini ya kila silabi, mwenye shairi ataona mwenyewe palipopwaya. Kisha lighanwe, yaani lisomwe kwa sauti ya kuimba, lakini na mtoto mwingine. Aliyelitunga huvuta sauti akaziba pengo bila kujua. Mgeni wa shairi hujikwaa palepale mizani ilipovunjika.

Baada ya hapo ndipo naandika ubaoni mloto, mleo na wenzao. Dakika kumi za kipindi zinatosha.