Wasifu wa marehemu aliyekuwa wakili na baba

Ukipewa kazi ya kuandika wasifu wa baba aliyekuwa wakili, tafadhali usianze na vyeti. Anza na kitu kinachoonekana: joho limetundikwa nyuma ya mlango, naye yuko mezani anasahihisha hesabu za mtoto kwa kalamu ileile anayosainia hati za kiapo. Hapo watu watamwona.

Makosa mengi huingia kwenye tarehe. Mwaka wa kuhitimu sheria si lazima uwe mwaka wa kuapishwa uwakili; tazama cheti chenyewe. Majina ya watoto na wajukuu ayapitie mjane kwanza, maana anayesahaulika mbele ya jeneza huumia miaka. Kesi za wateja ziache, wajibu wa kutunza siri zao haukuzikwa naye. Maneno 500 yanatosha. Chapa nakala mbili kwa herufi kubwa. Msomaji akizidiwa na kilio, mwenzake aendeleze.