Mipapai yangu na ushauri wa "we tupia tu"

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: "Papai nalo la kuulizia? We tupia tu mbegu, mpapai utaota wenyewe." Nikatupia. Nikakomba mbegu za papai na utelezi wake wote, nikazifukia kwenye pakiti 12 za maziwa nilizozigeuza viriba. Wiki ya kwanza kimya, ya tatu kimya. Nikawa nafukua kwa kijiti kuchungulia: nyingine zimelala tu, nyingine sisimizi wameshabeba. Kilichoniuma zaidi, huko nyuma ya choo, jalalani, mipapai minne imesimama imara wala hakuna aliyeipanda!

Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomwamkia akavitazama viriba vyangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mjukuu wangu, umezipanda na nguo zake?"

Kumbe ule utelezi ndio unaoizuia mbegu kuota; jalalani huoza wenyewe. Basi nikachukua chujio la tui, nikatia mbegu na majivu ya jikoni, nikafikicha. Kila kijifuko kinapasuka tp! kinateleza, ndani inatoka mbegu iliyokunjamana kama pilipili manga. Nilinogewa, nikafikicha za papai zima. (Mke wangu alipouliza chujio lake limekumbwa na nini, nilikuwa na safari ya dukani.) Zilizoelea majini nikamwaga, zilizozama nikaanika kivulini siku mbili, ndipo nikazipanda upya.

Siku ya 16 mche wa kwanza ukachungulia. Kwa furaha nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni, mpaka kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la miche, kikaingia: miche sita chali, shingo zimenywea kama uzi uliolowa. Toboa kiriba chini jamani, na maji kwa kiasi.

Shambani nilipanda mitatu kila shimo, maana mpapai haukwambii ni dume au jike mpaka utoe maua. Maua ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike hung'ang'ania shina. Fundi mmoja akaniapia kwamba dume ukilipigilia msumari linageuka jike. Nikapigilia. Msumari upo mpaka leo, na dume ni dume. Mengine nikakata, hilo nikaliacha lipe majike chavua.

Gharama? Kiroba cha samadi, elfu tano hivi au sita. Chujio sihesabu.

Papai la kwanza nilimpelekea bibi. Kesho yake akanirudishia mbegu kwenye kikombe, zimeshavuliwa nguo.