Hapo saa ngapi

Jumanne usiku Mama alisimama nyuma ya kiti changu akauliza, "Hapo saa ngapi?" Nikatazama simu nikamjibu, "Saa tano kasorobo." Akasema, "Sikukuuliza wewe. Nauliza hapo," na kidole kakinyoosha kwenye kioo cha kompyuta. Nami bila hata kugeuka nikamwambia, "Mama, nenda kalale."

Akaenda.

Leo Jumamosi na bado naisikia sauti yangu. Rehema kapata ule mkataba tuliouombea tangu mwaka jana, shemeji kajifungua mapacha na wote watatu wazima, ofisini tumehamishiwa jengo jingine. Lakini nikibaki peke yangu, kinachorudi ni hicho "kalale".

Kompyuta mnaikumbuka, ile MacBook Pro ya 2011 ya marehemu Baba, iliyokaa kabatini tangu alipotutoka. Niliahidi kuiwekea diski mpya nimpe mwanangu Tumaini aandikie hadithi zake. Kufungua na kufunga haikunipa tabu, ni skrubu kumi tu za mgongoni. Mfumo wa kuiendesha nao sikuuogopa. Mashine ya umri ule inaishia kwenye High Sierra, toleo la 2017 la mfumo wa Apple, na kisakinishi chake, yaani programu ya kuuweka, nilikuwa nacho kwenye flashi tangu 2018. Nikawasha huku nimebonyeza kitufe cha Option, nikaichagua flashi, nikabofya kusakinisha. Ikanijibu kwamba nakala hii haiwezi kuthibitishwa, huenda iliharibika au ilichezewa wakati wa kupakuliwa.

Neno lililonipoteza ni hilo la mwisho. Niliambiwa kupakuliwa, nikaenda kupakua.

Jumapili nikakaa kwenye kompyuta ya Rehema. Mara ya kwanza nikapata kifurushi cha megabaiti ishirini na kitu, nikafurahi kwa jinsi kilivyokuja upesi, kumbe ni kianzio kile ambacho huyavuta mengine baadaye na hakifai kutengenezea flashi. Nakala kamili inapita gigabaiti tano. Hiyo ikakatika mara mbili, ya tatu ikafika alfajiri. Jumatatu nikaijaribu: ujumbe uleule, neno kwa neno. Jumanne nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu la kuichomekea, nikapakua tena kwa waya badala ya Wi-Fi. Nikaanza kuishuku hata diski mpya. Kwenye kioo kulikuwa na lile dirisha la kijivu lenye ujumbe wake, na ukitazama juu hadi pembeni kabisa huoni saa popote. Mama aliona kwamba haipo. Mimi nilikuwa nimekitazama kioo hicho siku tatu.

Alipokwisha kufunga mlango wake nilikaa muda mrefu bila kugusa kitu. Hasira ilikuwa imepungua na swali lilikuwa bado pale. Hapo saa ngapi. Nikafungua Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye menyu ya juu, nikaandika neno moja, date, nikabonyeza. Ikaniambia ni Jumatatu, tarehe 1 Januari 2001.

Nilisimama. Nilizunguka meza nzima.

Kompyuta hii haina ile betri ndogo ya sarafu inayotunza saa kwenye kompyuta nyingi za mezani. Saa yake inategemea betri kuu, na betri kuu ikikaa kavu muda mrefu, kumbukumbu ya wakati inakufa, na siku ukiwasha tena inaanza kuhesabu kutoka mwanzo wake. Sasa kisakinishi kimetiwa saini ya kidijitali, alama ya kuonyesha kwamba hakikuchezewa, na saini inasimama juu ya cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Ukiwa ndani ya 2001 ukaletewa cheti cha miaka mingi mbele, utakikataa, na utakuwa sahihi kwa kalenda yako. Hata ningepitia njia ya kupakua mfumo moja kwa moja kutoka kwenye intaneti ningekwama, kwa sababu mazungumzo na seva nayo hulindwa kwa vyeti vya namna hiyohiyo, na wengi huambiwa seva haipatikani wakati seva ipo na mtandao upo. Flashi zangu zote zilikuwa nzima. Nakala zote zilikuwa nzima. Gigabaiti zile zote nilizipakua kutibu mgonjwa asiyeumwa.

Nikaandika date tena, safari hii na tarakimu kumi nyuma yake: mwezi, siku, saa, dakika, mwaka, kila kimoja tarakimu mbili. Nikarudi kwenye nakala mpya, nikabofya, na ule mstari ukaanza kusogea. Saa nane usiku nilikuwa nacheka peke yangu sebuleni. Niliufuata mstari ule kama mtu anayetazama maji yakipanda kisimani, na furaha ile naikumbuka bado, sitaki kuidharau.

Kesho yake nilirudia kuijaribu ile nakala ya 2018, kwa kutaka tu kujua. Tarehe ikiwa sahihi, ikakataliwa kwa ujumbe mwingine: imeharibika, haiwezi kutumika. Nayo haijaharibika. Cheti kilichotumika kusaini visakinishi vya wakati ule kilikwisha tarehe 24 Oktoba 2019, kwa hiyo yenyewe hukubaliwa tu pale mashine inapoamini bado iko ndani ya muda wa cheti hicho. Ukizima mtandao ili saa isijirekebishe, ukaandika 0301080018, yaani tarehe 1 Machi 2018 saa mbili asubuhi, inapita. Nakala mbili zenye umbo moja, moja inahitaji mashine iambiwe ukweli na nyingine inahitaji mashine idanganywe, na maneno kwenye kioo hayakutaja tarehe hata mara moja. Kama mnayo mashine iliyolala muda mrefu, naomba sana muulize saa kabla ya kupakua chochote.

Nimeandika "muulize saa" na mkono umesita.

Mama alikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Utotoni mwetu hakuna aliyeweza kumsimulia jambo akamaliza bila kuulizwa lilitokea saa ngapi. Alitueleza kwamba mtoto akishatoka, mmoja anampokea na mwingine anatazama ukutani, maana wakati ukiandikwa vibaya kila kinachofuata kwenye karatasi kinakuwa vibaya: dawa, mapigo, muda wa mama kutokwa damu. Alikuta mara moja saa ya ukutani imesimama na zamu nzima imeandika kwa kuitazama hiyo. Alipokea zamu akauliza swali moja. Sasa najua aliuliza vipi, kwa sauti gani, na kidole kilielekea wapi.

Nimejaribu kulisikia upya jibu langu la kwanza. "Saa tano kasorobo." Hilo halikuwa na ubaya, nilidhani anataka kujua muda. La pili ndilo. Alikuwa ameshanieleza anauliza nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Kwa nini, Mama?" Maneno matatu. Badala yake nikampeleka kitandani kama mtoto, mbele ya kompyuta ya mumewe.

Jumatano asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Baba Tumaini. Umelala kidogo?" Nikasema nimelala. Nikasema, "Imekubali." Akasema, "Haya, vizuri," akaendelea kukunja nguo. Hakuuliza imekubali kwa nini, na mimi sikumwambia. Nilivuta pumzi nimwambie, Tumaini akaingia anatafuta soksi, neno likarudi lilikotoka. Alhamisi vivyo hivyo. Jana alikaa karibu na Tumaini akimtazama anavyochapa hadithi ya sungura mwenye mabawa, akanyoosha kidole kwenye pembe ya juu ya kioo, pale saa inapoonekana sasa, kisha akakirudisha pajani. Mimi nilikuwa mlangoni. Sijui kama aliniona.

Usiku huu nimepita mlangoni kwake mara mbili. Taa imezimwa.

Na Tumaini jino lake la mbele la kudumu limechomoza nyuma ya lile la utotoni, na la utotoni halilegei hata nikilisukuma kwa kidole. Rehema anasema tungoje. Nimelimulika kwa tochi ya simu akiwa amelala, na naona limezidi kukaa upande.